Mboga Kunawiri Si Dalili ya Usalama
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Kitale na Bungoma)

Leo tuzungumze juu ya zile bustani tunazolima popote penye nafasi: nyuma ya gereji, kando ya lami, karibu na jaa la soko.

Kuna madini mazito ambayo ni sumu hata yakiwa kidogo. Risasi imo katika betri za magari na rangi za zamani. Kadimiamu imo katika betri za aina nyingine na, kidogo, katika mbolea za fosfeti. Madini haya hayaozi. Petroli yenye risasi ilikomeshwa Kenya mwaka 2006, lakini risasi iliyoingia udongoni haiondoki upesi.

Sasa, inaingiaje kwenye mboga? Mzizi hutafuta chakula, kwa mfano zinki. Kadimiamu inafanana na zinki, basi hupita mlango ule ule na kupanda hadi majani. Risasi nyingi hubaki mizizini. Ile ya majani mara nyingi ni vumbi.

Mmea nao hujitetea. Hutengeneza vitu vya kuishika sumu, kisha huifungia katika vifuko vidogo ndani ya seli zake. Sumu ikizidi, mizizi hudumaa na majani huwa manjano. Isipozidi, sukuma wiki hunawiri na mnunuzi huisifu. Mmea umejiokoa, lakini mtoto je? Risasi huharibu akili yake. Kadimiamu huharibu figo. Na kuchemsha hakuondoi.

Tusiseme haya ni mambo ya Ulaya. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu ya risasi hadi kilipofungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Lakini pesa hazimrudishii mtoto afya.

Basi tufanye hivi:

1. Tusipande mboga za majani palipovunjwa betri au kuchomwa takataka. Hapo tupande miti ya mbao au maua.

2. Bustani ikae mbali na barabara kuu, na iwe na ua wa miti wa kuzuia vumbi.

3. Tuoshe mboga vizuri na kumenya viazi. Maji huondoa vumbi na udongo, siyo kile kilichoingia kwa mizizi.

4. Udongo wetu mahali pengi una asidi, na asidi huilegeza kadimiamu ikanyonywa kwa urahisi. Tupime udongo, ikihitajika tutie chokaa ya shamba, pamoja na mboji.

Na kabla kikundi hakijakodi kipande cha ardhi mjini, tuwaulize wazee wa hapo: "Hapa zamani palikuwa na nini?" Swali hilo halina gharama.