Kura ya Umeme: Hotuba kwa Watu wa Taru

Wazee wetu, akina mama na vijana,

Nyaya za umeme kati ya Rabai na Nairobi zapita nyika hii yetu, ilhali zingali nyumba zinazowasha koroboi. Ni nani aliyeamua hivyo?

Kifungu cha 2A kilipofutwa mwaka 1991, tulipata haki ya kuchagua vyama. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti mipango ya usambazaji wa umeme. Nacho kifungu cha 90 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 charuhusu kura ya maoni juu ya mipango na uwekezaji, endapo robo ya wapiga kura walioandikishwa watatia sahihi ombi.

Sheria iliyofungiwa kabatini haiwashi taa. Tukitoka ibadani, tukusanye sahihi. Mungu atubariki.