Mia moja ya nini?

Maneno tuliyowaambia vijana wa Kabambare

Hatutakawia sana, jua liko linapanda na kila mtu ana shughuli yake.

Kuna picha inazunguka kwenye magrupe ya WhatsApp. Mstari unapanda kama mlima, juu yake jina "Kasongo", pembeni namba 100. Chini mtu ameandika: dunia nzima sasa inatutafuta! Kuna wenzetu wanataka tuiingize ndani ya barua tunayopeleka kwa gavana kule Kindu, iwe ushahidi kwamba shida za Maniema ya kusini zinajulikana. Sisi tunasema hapana, na tunaeleza kwa nini.

Picha ile inatoka kwa Google Trends. Ile haisemi ni watu wangapi wameandika neno. Inachukua sehemu tu ya yale yaliyotafutwa kwa Google, inaangalia neno lako lina fungu gani ndani ya yote yaliyotafutwa mahali pale, kisha wakati ule fungu lilipokuwa kubwa kupita yote inaupa 100. Nyakati zingine zote zinapimwa na huo. Basi 100 ni kilele cha lile neno lenyewe, si watu 100, si 100 kwa mia.

Hesabu ya mfano tu: tuseme Maniema wametafuta mara 5.000, na 100 kati yake ni neno moja. Hiyo ni 2 kwa mia. Kinshasa wametafuta mara milioni 1, na 5.000 ni neno lile lile. Hiyo ni nusu kwa mia. Grafiki itaandika Maniema 100, Kinshasa 25. Mtu atakimbia kutangaza kwamba tumewapita watu wa Kinshasa mara nne, na kumbe wao wametafuta mara 50 kutupita sisi! Nchi yetu haijahesabu watu wake tangu 1984, labda ndiyo maana tumezoea kupewa mafungu bila jumla na hakuna anayeuliza.

Halafu, Kasongo gani? Kule Kenya, kuanzia mwisho wa 2024, vijana wamemubandika rais William Ruto jina la "Kasongo", kutoka kwa wimbo wa zamani wa Super Mazembe. Wanacheka naye kwa TikTok, wanatafuta ule wimbo. Kama hukuchagua nchi, hao wote wanaingia ndani ya mlima wako, na hakuna hata mmoja anayeuliza habari ya barabara yetu. Ongeza wale wote wanaoitwa Kasongo, na mnajua ni wengi. Hata Kabambare yetu ni vile vile: mtu wa Kinshasa akiandika "Kabambare", pengine anatafuta avenue Kabambare, anaenda kununua kitu. Na "Namoya"? Dhahabu iko hapa kwetu, lakini kampuni ya Banro ilikuwa na ofisi yake Toronto. Aliyekuwa na pesa zake ndani ya ile kampuni alitafuta jina hilo akiwa amekaa Canada.

Sasa upande wa pili, na huu ndio unatuumiza. Ukiomba Maniema peke yake, mara nyingi utaona 0. Mkubwa fulani anaweza kutuonyesha hiyo 0 na kusema: munaona, hakuna anayelalamika. Lakini 0 pale maana yake si kwamba hakuna mtu. Maana yake waliotafuta ni wachache mno, mashine haikuwaonyesha. Mama wa Salamabila asiye na telefone ya intaneti anauliza kwa jirani, anasikiliza radio. Mwenye mega kidogo anauliza kwa WhatsApp, na Google haioni. Mnakumbuka kuanzia 31 Desemba 2018, walipotukatia intaneti karibu siku 20 kisha uchaguzi? Wakati kama ule, fungu linahesabiwa kwa wale wachache waliobaki na njia yao ya kuingia, halafu grafiki inaandika juu yake "Kongo".

Hatusemi muitupe. Inasaidia kuona neno moja, mahali pamoja, lilipanda wiki gani, kisha tuulize nini kilitokea wiki ile. Anayetuletea grafiki alete pia neno aliloandika, nchi aliyochagua na tarehe. Bila hivyo hatuiweki kwenye ukurasa wetu.

Kwa barua ya gavana tunataka namba za kuhesabu kwa kidole: kituo cha afya kimepokea wagonjwa wangapi mwezi huu, darasa ngapi hazina mwalimu, siku ngapi barabara imefungwa. Tunatafuta watu wawili kwa kila kijiji, wenye miguu na daftari. Wanaotaka, waandikishe majina hapa mbele mbele ya kutoka.