Saratani ya Mlango wa Kizazi na Haki ya Mama Kupimwa

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa Halmashauri ya Walei, WAWATA, UWAKA, makatekista na wenyeviti wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo



Wapo watakaoshangaa kuona mada hii inatolewa na padre, tena chini ya Tume ya Haki na Amani. Watasema kwamba magonjwa ya akina mama ni kazi ya wauguzi, na kwamba Tume ishughulike na mashamba yaliyoporwa, mirathi ya wajane na mahabusu waliosahauliwa. Jibu letu ni fupi. Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, alipoziorodhesha haki za mtu alianza na haki ya kuishi, na papo hapo akayataja matunzo ya afya pamoja na chakula, mavazi na makazi. Palipo na haki pana mwenye kuidai, na pana mwenye wajibu wa kuitimiza. Mama anapokufa kwa ugonjwa ambao ungeweza kuzuiwa, na sababu ya kutozuiwa ni kwamba yeye ni maskini, ni mwanamke, na anaishi mbali na barabara, basi Tume hii imepata kazi.

Tuanze na hesabu. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 waligundulika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi, na wapatao 350,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Katika kila vifo 100, vifo 94 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa Tanzania makadirio ya mwaka huo huo yanaonyesha wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000. Hakuna saratani nyingine inayowaua wanawake wengi kiasi hicho katika nchi yetu. Gawanyeni idadi hiyo kwa siku za mwaka: ni mazishi 16 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Sisi mapadre tunawakuta akina mama hawa mwishoni. Tunaitwa kutoa Mpako wa Wagonjwa, na tunaelekezwa chumba cha nyuma ambako dirisha limeachwa wazi kwa sababu ya harufu. Majirani wameacha kuingia. Watoto wanapitisha chakula mlangoni. Ukiuliza ulianza lini, unaambiwa kwamba damu ilianza kutoka mwaka juzi, baada ya tendo la ndoa, au miaka kadhaa baada ya hedhi kukoma. Kwamba shoga zake walimwambia hedhi imerudi. Kwamba alinunua vidonge dukani, kisha akaenda kwa mganga wa jadi, kisha zahanati akapewa dawa za maambukizo. Kila mmoja wenu anamfahamu mama wa namna hii, na pengine amebeba jeneza lake.

UGONJWA WENYEWE

Karibu saratani zote za mlango wa kizazi hutokana na virusi vya papiloma, ambavyo wahudumu wa afya huviita kwa kifupi HPV. Virusi hivi huambukizwa kwa njia ya kujamiiana, navyo vimeenea mno. Watu walio wengi hukutana navyo wakati fulani wa maisha yao na wasijue. Mara nyingi mwili huvishinda wenyewe. Kwa baadhi ya wanawake virusi hubaki, na polepole hugeuza seli za mlango wa kizazi. Tangu seli kuanza kubadilika hadi kuwa saratani huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu, kama vile mama anayeishi na virusi vya UKIMWI bila kutumia dawa, miaka hiyo yaweza kupungua ikawa 5 hadi 10, na hatari yake ya kupata saratani hii ni mara sita ya ile ya mwanamke asiye na virusi hivyo.

Tunawaomba mtulie hapo kwenye miaka 15. Adui anayechukua muda mrefu namna hiyo kufika nyumbani ni adui anayeweza kuzuiwa njiani. Tatizo ni kwamba katika miaka hiyo haumi. Mama analima, anauza sokoni, anaimba kwaya, wala hana dalili yoyote. Sisi tumezoea kwamba hospitali ni ya mgonjwa, na mtu mzima anayekwenda kupimwa huulizwa anatafuta nini. Kwa ugonjwa huu mazoea hayo ndiyo yanayoua. Uchunguzi ni kwa ajili ya mama mzima, asiyehisi chochote. Anayesubiri damu itoke amesubiri sana, ingawa hata yeye asikate tamaa, kwa maana saratani iliyogunduliwa mapema hutibika.

JINSI UCHUNGUZI UNAVYOFANYIKA

Akina mama wengi huogopa kwa sababu hakuna aliyewaeleza, na hofu ya jambo lisilojulikana huzaa hadithi za kila aina. Kwa hiyo tunaeleza, na akina baba waliopo wasitazame chini. Mama huingizwa katika chumba cha faragha na kulala kitandani. Muuguzi aliyefunzwa hutumia chombo kidogo ili auone mlango wa kizazi. Kisha hupaka siki nyepesi kwa pamba, na kusubiri kama dakika moja. Penye seli zilizobadilika hugeuka peupe. Hakuna kisu wala sindano, na shughuli yote huchukua dakika chache. Doa likionekana, nalo ni dogo, mara nyingi hutibiwa siku ile ile kwa kugandishwa kwa baridi kali au kuunguzwa kwa joto, na mama hurudi nyumbani kwa miguu yake. Kuonekana kwa doa si kuambiwa kwamba una saratani. Hili lirudiweni katika jumuiya hata mara saba.

Kipo pia kipimo cha kutafuta virusi vyenyewe, ambacho Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2021 linakipendekeza kiwe cha kwanza, na ambacho mama anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Kwa vijiji vyetu vingi, hata hivyo, njia ya siki ndiyo iliyo karibu, na tusiidharau kwa kuwa inatumia kitu cha jikoni. Wanaohimizwa zaidi ni wanawake wa miaka 30 hadi 50. Wanaoishi na virusi vya UKIMWI wanashauriwa waanze mapema zaidi, tangu miaka 25, na warudi mara nyingi zaidi. Wao waulize pale pale wanapochukulia dawa zao.

AIBU

Kwa kuwa virusi hivi huenezwa kwa kujamiiana, wapo wanaouita ugonjwa huu ugonjwa wa uasherati, na kumtazama mgonjwa kama mtu aliyejitakia. Fundisho hilo halitoki katika Kanisa. Mke mwaminifu aliyeolewa bikira anaweza kuambukizwa na mumewe, na mume mwenyewe huenda alivipata virusi hivyo miaka mingi kabla ya ndoa, bila dalili na bila kujua. Kipimo hakisemi nani alimwambukiza nani, wala lini. Mume anayekigeuza kuwa hati ya mashtaka anamdhulumu mkewe, na jumuiya inayonong'ona inashiriki dhuluma hiyo.

Mwinjili Marko anatupa habari ya mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Tumezoea kuisoma kama habari ya imani, nayo ni kweli ni habari ya imani. Lakini angalieni mambo yanayotajwa kabla ya muujiza: waganga wengi, mateso mikononi mwao, mali yote kwisha, na hali kuzidi kuwa mbaya. Hiyo ni safari ile ile ya mama wa chumba cha nyuma. Naye alikuja kwa kujificha, akagusa kwa nyuma, kwa kuwa sheria ya watu wake ilimhesabu kuwa najisi. Bwana angeweza kumwacha aende zake kimya, maana alikwisha pona. Hakumwacha. Alisimama, akamtafuta mbele ya umati, akamsikiliza akisema ukweli wote, na akamwita binti. Alimrudisha mwilini, akamrudisha pia kati ya watu. Wachungaji na viongozi wa jumuiya wakitaka mfano wa kuhudumia wagonjwa hawa, hapa upo.

AKINA BABA NA NAULI

Tuseme wazi kuhusu jambo ambalo UWAKA haitalipenda. Katika kaya nyingi mama hawezi kwenda hospitali bila ruhusa, na hata akipata ruhusa hana nauli, kwa kuwa fedha ya pamba au ya samaki ipo mfukoni mwa baba. Huduma yenyewe katika vituo vya serikali hutolewa bila malipo, lakini bodaboda hatozi kwa huruma, na siku moja ya kutokuwepo shambani wakati wa palizi ina gharama yake. Baba anayesema kwamba mkewe ni mzima na hana haja ya kupimwa amekwisha kutoa hukumu asiyo na elimu nayo. Tunataka akina baba wawasindikize wake zao, wakae nao kwenye benchi, wabaki na watoto. Hilo litafanya kazi kuliko mahubiri yetu kumi.

Umbali nao ni dhuluma ya aina yake. Kwa miaka mingi aliyehitaji tiba ya mionzi kutoka huku Kanda ya Ziwa alilazimika kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 1,000, na wengi walichagua kufia nyumbani. Siku hizi Bugando, hospitali ya Baraza letu la Maaskofu, inatoa tiba hiyo hapa Mwanza. Daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na wa ng'ambo hawasubiri tena kivuko. Tunashukuru kwa yote hayo. Lakini daraja halimsaidii mama ambaye hakuambiwa kwamba ana sababu ya kuvuka.

CHANJO YA MABINTI

Tangu mwaka 2018 Serikali hutoa chanjo dhidi ya virusi hivi kwa wasichana. Mwanzoni ilikuwa kwa wenye miaka 14; tangu mwaka 2024 ni dozi moja, kwa wenye miaka 9 hadi 14. Uvumi umekuwa mwingi, hasa kwamba inaleta utasa. Chanjo hii haizuii uzazi. Inazuia virusi vinavyoharibu kizazi. Wengine wanahofu kwamba itawafungulia mabinti mlango wa uasherati. Mzazi anayempa mtoto chanjo ya pepopunda hamtumi akakanyage misumari. Malezi ya usafi wa moyo yanabaki kuwa kazi ya wazazi na ya Kanisa, yawe na chanjo au yasiwe nayo. Mama asidhani, hata hivyo, kwamba binti yake akichanjwa, yeye mwenyewe amekwisha kupona. Kizazi chake kinahitaji kupimwa.

TUFANYE NINI

Zahanati nyingi za vijijini hazina mhudumu aliyefunzwa kwa uchunguzi huu, na huduma hupatikana zaidi katika hospitali na vituo vikubwa vya afya. Lakini ipo huduma ya mkoba, ambapo wauguzi huja na vifaa vyao mahali watu walipo. Parokia ina ukumbi, ina vyumba vya katekesi vinavyofungika, ina kengele na ina watu wanaosikiliza matangazo. Tunaweza kumwandikia Mganga Mkuu wa Wilaya na kuomba siku maalumu. Tunapendekeza juma lililo kati ya tarehe 4 Februari, ambayo ni Siku ya Saratani Duniani, na tarehe 11, Siku ya Wagonjwa Duniani aliyoianzisha Baba Mtakatifu Yohane Paulo II mwaka 1992. Barua iulize pia swali la pili: je, katika bajeti ya wilaya kuna fedha ya kufundisha wauguzi kwa kazi hii? Madiwani wetu wengine ni waamini wa parokia hii, na wanajua kujibu swali la aina hiyo wakiulizwa kwa heshima na kwa maandishi.

WAWATA wao tunawaomba wachukue kazi ya nyumba kwa nyumba, kwa kuwa mama husikia vizuri kutoka kwa mama aliyekwisha kupimwa. Kila jumuiya itenge sehemu ya mfuko wake kwa nauli ya wasio nacho, na orodha ya wanaosaidiwa isisomwe hadharani. Waliokwisha kuugua wasiachwe: watembelewe, wafuliwe, wasaidiwe kufika hospitali ambako maumivu yao yatatulizwa, hata pale ambapo hawawezi tena kuponywa.

Sasa tugawanyike katika makundi kwa vigango. Kila kundi lijibu maswali manne: hospitali au kituo gani kilicho karibu hutoa uchunguzi huu, siku zipi muuguzi mwenye mafunzo hupatikana, nauli ya kwenda na kurudi ni kiasi gani, na akina mama wangapi wa rika hilo wamo katika jumuiya zenu. Asiyejua jibu aandike kwamba hajui. Makatibu wakabidhi karatasi zao kabla ya chakula cha mchana, kwa kuwa ndizo zitakazoambatanishwa na barua ya kwenda kwa Mganga Mkuu.