Tembo ni wa Serikali, Hasara ni ya Bibi

(Maneno niliyoyasema kwenye kikao cha ndani cha vijana wa Ruaha, Kilosa. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, kwa ajili ya wale ambao hamkufika.)

Mwenyekiti amenipa dakika kumi na ameshaangalia saa mara mbili, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Mimi ni mtoto wa huku huku. Nasoma sheria, niko mwaka wa tatu, lakini kabla sijajua kifungu hata kimoja nilishajua kupiga debe usiku. Wenye mashamba upande wa hifadhi mnanielewa. Mahindi yakianza kukomaa hulali. Unawasha moto, unapiga debe, unapiga kelele mpaka sauti inakauka, na tembo amesimama anakuangalia kama mtu anayesubiri umalize.

Nilipokuwa kidato cha pili walikuja usiku mmoja tukiwa tumezidiwa na usingizi. Shamba la bibi lilikuwa ekari mbili na nusu. Asubuhi ungedhani limepita trekta. Bibi hakulia. Aliokota mahindi machache yaliyobaki, akaniambia, "Njoo uniandikie barua, wewe si unasoma." Nikaandika. Baada ya muda mrefu akaja mtu kupima. Hakuanza na mahindi, alianza na umbali kutoka mpaka wa hifadhi. Akasema, mama, uko ndani ya mita 500, hapa hakuna malipo. Simlaumu yule kaka. Alikuja na kanuni kama ilivyoandikwa.

Sasa tuisome hiyo kanuni, maana wengi tunailalamikia bila kuijua. Sheria mama ni Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Na. 5 ya 2009. Chini yake zikatungwa kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi. Kwa mazao, ziliweka kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kutegemea shamba liko umbali gani na mpaka, na mwisho ni ekari 5. Chini ya mita 500, sifuri. Mtu akiuawa, kanuni hizo za 2011 ziliipa familia milioni 1. Ulemavu wa kudumu, 500,000. Aliyejeruhiwa akapona, ziliweka 200,000. Humo yumo na mvuvi anayetafuta kitoweo hapo Ruaha Mkuu akakutana na mamba au kiboko.

Habari ya kupandisha viwango imesemwa bungeni mara nyingi, na mimi siwezi kukataa vipande. Ugomvi wangu uko kwenye jina. Fidia unadai. Kifuta jasho unapewa, aliyekupa akijisikia. Mwanasheria mwenzangu akiniambia ni tofauti ya maneno tu, namwomba aende mahakamani akadai kifuta jasho aone atakavyoulizwa.

Na sheria hiyo hiyo inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, wako chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Sawa. Mbuzi wangu akila mahindi ya jirani, mwenyekiti wa kitongoji ananiita na nalipa. Halafu ukikutwa na nyama ya nyati bila kibali, hiyo ni nyara ya serikali, unaongelea kifungo cha miaka 20. Yaani mnyama akiwa kwenye sufuria yako ni mali ya serikali kabisa, akiwa kwenye mahindi yako ni bahati mbaya!

Kuna kamanda aliniuliza hapo nje, kwa hiyo unapinga uhifadhi? Hapana. Mikumi ni hifadhi ya taifa tangu 1964, vijana wa hapa wanaongoza watalii na mimi najivunia. Ninachouliza ni nani analipia.

Wenzetu wamejaribu. Kenya, sheria yao ya 2013 inaita fidia, na kifo ni shilingi za Kenya milioni 5. Tusidanganyane, huko nako madai yamekaa miaka bila kulipwa. Lakini mjane wa kule ana deni la kudai. Marekani, kuna fungu la serikali kuu linalotolewa kwa makabila ya wenyeji ili wasimamie wanyama na samaki wao, na kabila lenyewe ndilo linaloandika mpango. Na kule Alaska, sheria ya 1980 inampa mkazi wa kijijini kipaumbele cha kuvua na kuwinda chakula chake kwenye ardhi ya serikali kuu. Wamevutana mahakamani miaka mingi juu ya hilo, lakini haki imeandikwa.

Sisi tulikuwa na REGROW. Mkopo wa Benki ya Dunia, dola milioni 150, wa hifadhi za kusini: Ruaha (ile hifadhi ya kule Iringa na Mbeya, si kata yetu), Mikumi, Udzungwa na Nyerere. Ndani yake kulikuwa na fungu la miradi ya kipato kwa vijiji vya pembezoni. Wananchi wa Mbarali wakalalamika kuhamishwa kwa nguvu na kukamatiwa mifugo, benki ikasimamisha fedha Aprili 2024, na Novemba mwaka huo mradi ukafutwa. Waliolalamika walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini oneni ubaya wa kumtegemea mfadhili: fedha ya kijiji cha Kilosa inakufa kwa makosa yaliyotendeka Mbarali, na hakuna kifungu cha sheria yetu unachoweza kukishika ukasema, hii bado ni yangu.

Na kutoa ruzuku serikali inajua. Tangu msimu wa 2022/2023 inatoa ya mbolea. Bibi anaweka mbolea ya ruzuku kwenye mahindi ya tembo. Uzio wake ni kamba na vitambaa vilivyochovywa kwenye oili chafu na pilipili ya kusaga, fedha ya mfukoni kwake, na mvua ikinyesha unaanza upya. Upande wa Kilombero, chini ya Udzungwa, wamejaribu mizinga ya nyuki. Kwa nini ruzuku isiwe ya uzio, kabla ya hasara, na kijiji kikaamua chenyewe ni pilipili au nyuki? Na ile mita 500 ifutwe. Anayelima karibu ndiye anayeliwa kwanza. Hayo mawili nataka yaingie kwenye ilani yetu, na jina liwe fidia.

Wakati tunasubiri, Jumamosi saa tatu asubuhi tukutane hapa hapa. Tunakwenda nyumba kwa nyumba kuwasaidia wazee kujaza madai. Njoo na kalamu, na simu yenye chaji ya kupigia picha shamba kabla halijalimwa tena. Mwenye futi ndefu ya kupimia aniambie leo. Tutaanza kwa bibi, ameshasema atapika.