Kumheshimu Mungu Pale Mwenzako Asipoweza Kukukagua

Mada kwa semina ya wafanyabiashara na wafanyakazi wa usharika



1. Utangulizi

Nimepewa mada ya kumheshimu Mungu katika maisha ya kila siku. Mada ni pana, nami nimeamua kuibana. Sitazungumzia sala, sadaka wala kwaya, maana hayo tunayafanya mbele ya watu na mara nyingi tunayafanya vizuri. Nataka tuangalie yale maeneo ambayo mwenzako hana njia ya kukukagua: uzito wa bidhaa, ujira wa mtu asiye na mtetezi, kazi ya bosi aliyesafiri. Hoja yangu ni kwamba hapo ndipo inapojulikana kama tunamcha Mungu au tunaogopa macho ya watu.

2. Msingi wa Maandiko

Mlango wa 19 wa Mambo ya Walawi unaanza na mwito wa kuwa watakatifu kwa kuwa Mungu ni mtakatifu. Angalieni utakatifu huo unavyoelezwa. Pembe za shamba ziachiwe maskini. Ujira wa kibarua usilale kwa mwajiri. Kiziwi asitukanwe, kipofu asiwekewe kikwazo. Mwishoni, aya ya 35 na 36, inakuja mizani ya haki. Kiziwi hasikii tusi, na kipofu hamwoni aliyemtega. Shahidi anayebaki ni Mungu peke yake, ndiyo maana amri hiyo inafungwa kwa agizo la kumcha yeye.

Nabii Amosi, mlango wa 8, anawakemea wafanyabiashara walioitunza Sabato huku wakihesabu saa iishe, wapate kupunguza kipimo na kupandisha bei. Ibada hawakuikosa. Mungu ndiye waliyemkosa.

Tena, Bwana wetu aliitwa seremala (Marko 6:3), na Luka anatuambia alianza huduma akiwa na umri wa miaka kama thelathini. Sauti ya Baba ya kupendezwa naye ilisikika siku ya ubatizo wake, kabla hajaanza kuhubiri hadharani. Miaka ile ya Nazareti haikuwa miaka iliyopotea.

3. Sokoni

Mnunuzi anafika shambani. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima analipwa gunia moja, na kile kilemba kinaondoka bure. Nchini Tanzania Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake haziruhusu ufungashaji wa namna hiyo. Kifungashio cha mazao hakitakiwi kuzidi kilo 100. Lakini mkulima hana mizani, ana karo ya mtoto inayomsubiri, na lori ni moja. Atakubali.

Mnunuzi huyohuyo akifika mjini anafungua gunia na kuuza kwa kopo lililobonyezwa kitako. Aliponunua alizidisha, alipouza akapunguza. Kumbukumbu la Torati 25:13-16 inamkataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo, na inamwita afanyaye hivyo chukizo kwa Bwana.

Sisi wateja nasi tusijitoe. Tunapoulizwa dukani, "Na risiti au bila risiti?", tukachagua bila kwa sababu bei inashuka, tumekula njama wawili, na anayeibiwa hayupo pale kujitetea.

Wengi wetu tulijifunza Katekisimu Ndogo ya Martin Luther, ya mwaka 1529, tulipokuwa kipaimara. Katika maelezo ya amri ya saba, Luther hakuishia kwa mwizi anayevunja mlango. Alitaja bidhaa mbovu na biashara ya hila, akaongeza kwamba amri inatutaka tumsaidie jirani aitunze na kuiendeleza mali yake. Kutokuiba ni nusu tu ya amri.

4. Nyumbani na kazini

Dada wa kazi anaamka kabla yetu na kulala baada yetu. Tukimwambia mwezi huu mambo ni magumu, hana pa kushitaki. Lakini Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa unapiga kelele, na kelele hizo zinafika masikioni mwa Bwana. Mtu anayetoa ahadi ya jengo la kanisa huku mshahara wa dada una miezi miwili haujalipwa, ametoa pesa za mtu mwingine.

Vivyo hivyo ofisini: kusaini mahudhurio na kuondoka, kuchukua posho ya safari isiyofanyika, kumjibu mlinzi au mhudumu kwa ukali ambao hatungethubutu kumwonyesha mkurugenzi. Paulo, katika Wakolosai 3, anawataka watumishi wafanye kazi kwa moyo kama kwa Bwana, si kwa kujionyesha mbele ya wanadamu. Mtazamo wa moyo ndio unaotangulia, tendo linafuata.

5. Gharama yake

Sitawadanganya kwamba ukiwa mwaminifu biashara itakua. Inawezekana jirani mwenye kopo bovu akauza kwa bei ya chini, akakuacha na mzigo. Zaburi ya 15 inamsifu mtu anayeshika neno lake hata likimtia hasara. Maandiko yanaijua hasara hiyo, na bado yanatuita. Heshima isiyotugharimu chochote haiwezi kutuambia tunampenda Mungu kiasi gani.

6. Kurudisha

Walawi 6 inamtaka aliyedhulumu arudishe mali yote na kuongeza sehemu ya tano, ndipo alete sadaka. Zakayo aliahidi mara nne. Katika Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Tanganyika na Kenya, mojawapo ya alama za waliookoka ilikuwa hiyo: walirudisha walivyoiba, wakalipa madeni, wakaomba radhi kwa waliowakosea. Majirani walioona mali yao ikirudi hawakuhitaji kuelezwa toba ni nini.

7. Mapendekezo

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, wafanyabiashara wa usharika wapeleke mizani zao Wakala wa Vipimo zikaguliwe, na makopo yaliyobonyezwa yatupwe. Pili, kila mwajiri alipe malimbikizo ya watumishi wa nyumbani kabla ya kutoa ahadi mpya kanisani. Tatu, usharika uwe na mizani yake, ipelekwe vijijini msimu wa mavuno ili mkulima apime kabla ya kuuza. Hapo nusu ya pili ya amri itakuwa imeanza kutimizwa.

8. Maswali ya vikundi

a) Katika kazi yako, nani hana uwezo wa kukukagua?
b) Kuna mtu unayepaswa kumrudishia kitu? Lini utaanza?
c) Usharika ufanye nini kwa muumini anayepata hasara kwa sababu ya uaminifu wake?