Springi, Shokapu na Uundaji wa Istilahi: Mafunzo kutoka Gereji za Shinyanga na Geita



Mjadala kuhusu istilahi za Kiswahili aghalabu huanzia katika kamusi na kuishia katika kamati. Mhadhara huu unaanzia chini ya gari. Tangu John Williamson alipogundua almasi huko Mwadui mwaka 1940, hadi mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000, watu na mizigo ya ukanda huu wamepita katika barabara za changarawe zenye mawimbi na mashimo. Miongoni mwa magari yaliyozoea barabara za namna hiyo ni Landrova, iliyozinduliwa mwaka 1948. Mwenye Landrova ya kale humpelekea fundi ombi moja: gari litulie barabarani.

Landrova za awali zilikalia springi za mabamba, yaani vyuma virefu vilivyopindwa, vikapangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa pamoja. Springi za koili zilikuja na Range Rover mwaka 1970, zikaingia katika Landrova za kazi mwaka 1983. Mwenye gari la mabamba anayebeba mizigo mizito huomba aongezewe bamba. Bamba likiongezwa, springi hukaza na gari huinuka. Mzigo hubebeka, lakini gari likiwa tupu hurukaruka. Tairi likiachana na ardhi, breki na usukani hupoteza nguvu. Aidha, kitovu cha uzito kikipanda, hatari ya kupinduka kwenye kona huongezeka.

Hapa ndipo suala la lugha linapojitokeza. Istilahi nyingi za gereji zimepatikana kwa utohozi: springi, bushi, shokapu, ekseli. Maneno haya yamekubali sarufi ya Kiswahili bila shida: springi imekatika, springi zimekatika. Mengine yamechambuliwa upya na wasemaji wenyewe. Madigadi, yaliyotokana na neno moja la Kiingereza, yamechukuliwa kuwa wingi, yakazaa umoja: digadi. Vivyo hivyo kipilefti kimepata wingi wake, vipilefti. Huu si uharibifu wa lugha. Ni ushahidi kwamba mfumo wa ngeli ungali hai vinywani mwa watu.

Hata hivyo, wapo wanaopendelea tafsiri kuliko utohozi, nao wangeiita shokapu "kifyonza mshtuko". Pendekezo hilo linavutia kwa sura yake ya Kibantu, ila limebeba kosa la Kiingereza chenyewe. Gurudumu likiingia shimoni, kinachopokea mshtuko na kubeba uzito ni springi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi isiendelee kucheza baada ya shimo kupita. Hufanya hivyo kwa kulazimisha mafuta yapite katika matundu madogo. Mwanafunzi wa ufundi anayefundishwa kwamba shokapu hufyonza mshtuko anaweza kuamini kwamba shokapu mpya itabeba mzigo wa ziada, au kwamba aliyeongeza bamba hana haja tena ya shokapu. Kosa la istilahi hapo huwa hatari kwa abiria.

Ikiwa neno la asili linahitajika, basi na liundwe kutokana na kazi ya kifaa. Kitenzi "tuliza" kingetoa "kitulizi", na mnyambuliko huo ungemfundisha mwanafunzi kanuni yenyewe. Kanuni hiyo inaonekana pia katika mpangilio wa kazi. Fundi makini hukagua kwanza bushi, kwa kuwa bushi zilizolika hulegeza mwenendo wa gari. Kisha huchagua springi kulingana na mzigo wa kila siku, na mwishowe shokapu zinazolingana na springi hizo. Kwa mfano, springi za mabamba machache yanayokonda kuelekea ncha husuguana kidogo. Kwa hiyo huhitaji shokapu zenye uwezo mkubwa zaidi wa kutuliza.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lina wajibu wa kusanifisha istilahi. Wajibu huo utatimia vyema zaidi endapo mapendekezo yatapimwa gerejini kabla ya kuchapishwa: fundi asikilizwe anavyokiita kifaa, aulizwe kinafanya nini, ndipo mtaalamu wa lugha aamue kama neno lililopo linatosha.