Wasiwasi Katika Udhu na Swala: Si Wachache Wenye Kuupata

(Mawaidha yaliyotolewa baada ya Swala ya Alasiri, Kawajense, Mpanda)



Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wake (s.a.w.), tumeona leo tuzungumzie jambo ambalo wengi hulificha, nalo ni wasiwasi. Hatukusudii hofu ya maisha, kama neno hili litumikavyo mitaani. Twakusudia ile shaka imrudiayo mtu, akaosha mkono mara saba na bado akaona haukutoharika; akahirimia swala, akaivunja, akahirimia tena, hata imamu akarukuu naye yungali mwanzoni.

Mwenye hali hii hudhani yuko peke yake, au kwamba imani yake imeharibika. Sivyo. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa wanafunzi 777 wa vyuo vikuu katika nchi 13, na takriban 94 katika kila 100 walikiri kuwa, ndani ya miezi mitatu, walijiwa na mawazo wasiyoyataka. Kutoka Marekani, uchunguzi uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kuwa zaidi ya robo ya watu waliwahi kupatwa na mawazo au vitendo vya kujirudia, ilhali waliofikia kuhesabiwa wagonjwa ni kama 2 tu katika kila 100.

Wanavyuoni wetu waliyajua haya zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliuweka wasiwasi katika maradhi ya nafsi. Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 1223, aliandika risala ya kuwalaumu wenye wasiwasi. Lakini lawama tupu, kwa maoni yetu, haijamponya mtu.

Tatizo ni kurudia. Kila mtu akirudia hupata raha ya kitambo, kisha shaka hurejea ikiwa na nguvu zaidi. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja, maji yasiyofika lita, na aliyeshuku udhu wake ndani ya swala alimwamuru asitoke mpaka asikie sauti au apate harufu. Matabibu wa leo nao humzoesha mgonjwa kuikabili shaka bila ya kurudia.

Ikiwa jambo hili lamla mtu zaidi ya saa moja kwa siku, au limemfanya aache jamaa na shughuli zake, na aende hospitali. Dawa zipo, na kisomo hakizuii dawa.

Nanyi mnaosimama nyuma yake penye maji, acheni kumcheka. Akishaosha mara tatu, lipokeeni kopo kwa upole, mwende naye safuni.